Rudisheni Boksi la Hewa

Kuna imani iliyoota mizizi kwa wenye magari madogo ya Kijapani, kutoka Kinondoni mpaka Eastlands, kwamba injini hutoka kiwandani ikiwa imebanwa pumzi. Dawa yake kila kijiwe kinaijua. Ng'oa lile boksi jeusi la plastiki lenye ea klina ndani, tupa na mpira wake, nenda duka la vifaa vya mabomba ununue PVC ya inchi tatu na elbo mbili, kata, unga, kaza kwa klipu, halafu mwishoni chomeka chujio la koni, aghalabu jekundu. Ukimaliza, gari litakuwa jepesi, litapunguza ulaji wa mafuta na litaongeza nguvu farasi kumi. Wengine husema kumi na tano. Ukiuliza zilipimwa wapi, unaambiwa liendeshe tu, utaona mwenyewe.

Mimi nasema kazi hii, kama inavyofanywa katika gereji zetu nyingi, inainyima injini hewa baridi, inainyima hewa safi, inaidanganya kompyuta ya gari, na kinachoongezeka ni mngurumo. Kupenda mngurumo si dhambi. Mtu akiniambia anataka kusikia gari lake likivuta hewa kwa fujo, tutaelewana papo hapo, na huenda hata nikamshikia tochi akiwa anafunga. Ninayegombana naye ni yule anayeuza sauti kwa bei ya nguvu.

Tuanze na hilo la ubaridi, kwa kuwa biashara yenyewe huuzwa kwa jina la hewa baridi. Fungua boneti ya gari lolote la kawaida la Kijapani la miaka hii, ufuate mdomo wa boksi la hewa kwa kidole. Mara nyingi utakuta hauvuti hewa iliyo juu ya injini. Unakwenda mbele, nyuma ya taa, au ndani ya madigadi, au juu ya rejeta chini ya ukingo wa boneti, mahali ambapo upepo wa nje unafika kabla haujapita kwenye chuma cha moto. Mfumo wa hewa baridi unao tayari, ulilipia pamoja na gari. Ukiung'oa na kuweka koni katikati ya injini, umetoka kwenye hewa ya barabarani ukaenda kwenye hewa ya jikoni.

Hewa ya moto ina kasoro gani? Silinda huvuta ujazo uleule kila pistoni inaposhuka, na hewa ikipata joto hutanuka, kwa hiyo ndani ya ujazo uleule oksijeni inakuwa chache. Hesabu yake ni ya fizikia ya sekondari: hewa ya nyuzi joto 30 ikipanda hadi 60, kila lita yake inapoteza karibu asilimia 9 ya uzito. Na nyuzi 60 chini ya boneti si jambo la ajabu gari likiwa kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana, feni inazunguka, joto lote la rejeta linasukumwa nyuma, na koni imekaa palepale jirani na manifoldi ya ekzosi.

Wanajibu kwamba ukishakimbia, upepo unaondoa joto. Ni kweli kwa kiasi. Ila jiulize ni lini unamhitaji kila farasi uliye naye. Humhitaji unapoteleza kwenye barabara tupu karibu na Chalinze. Unamhitaji pale ulipotambaa nyuma ya semi kwa muda mrefu, umepanda mlima wa Kitonga kwa gia ya kwanza na ya pili, kila kitu chini ya boneti kimechemka, kisha barabara ikanyooka ukataka kuipita. (Kitonga kwenyewe usiovateki, tafadhali. Subiri ufike juu.) Wakati huo boksi la kiwandani linavuta upepo wa mbele ya gari, na koni inavuta joto ililokaa nalo tangu chini ya mlima.

Sasa tuje kwenye hiyo pumzi inayodaiwa kubanwa. Hili linapimika, na kifaa chake ni rahisi kutengeneza kuliko bomba lenyewe la PVC. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kama ule mafundi ujenzi wanaotumia kupimia usawa kwa maji. Ukunje uwe kama herufi U, uufunge kwenye ubao pamoja na rula, uutie maji yenye rangi mpaka katikati. Ncha moja iache wazi. Nyingine iunganishe na mpira mrefu unaopita chini ya boneti hadi kwenye bomba la hewa, baada ya ea klina na kabla ya throto. Dereva aendeshe, mwenzake ashike ubao wima na kusoma. Tafuta kipande cha barabara kisicho na magari wala watu, ingiza gia ya pili, kanyaga mafuta mpaka chini hadi injini ikaribie mizunguko 6,000. Maji ya upande mmoja yatapanda, ya upande wa pili yatashuka. Tofauti hiyo, kwa sentimita, ndiyo kizuizi chote cha ea klina, boksi, mdomo na kila kona ya njia ya hewa kwa pamoja. Hakuna kingine kilichojificha.

Tofauti hiyo ina maana gani? Mgandamizo wa hewa usawa wa bahari unaweza kubeba safu ya maji ya mita 10 na kidogo. Kila sentimita 10 utakazosoma kwenye ubao ni asilimia 1 ya hewa. Tuseme umesoma sentimita 20. Basi hata ungeondoa kila kitu, boksi na chujio na mpira, ukaiacha injini ikinywa hewa mdomo wazi kama iko mezani, usingepata zaidi ya asilimia 2 hivi. Injini ya Toyota 1NZ-FE ya lita 1.5, ile iliyojaa kwenye IST zetu, ilitangazwa Japani kuwa na nguvu farasi 109. Asilimia 2 yake ni farasi wawili, na hao wawili wako kileleni tu, kwenye mizunguko ambayo wengi wetu tunaifikia kwa bahati mbaya. Anayedai kumi anadai kwamba boksi la Toyota linasababisha tofauti ya karibu mita nzima ya maji. Ninamsubiri alete huo ubao.

Asiyetaka kuhangaika na maji atumie kalamu. Injini ya lita 1.5 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika hunywa kama lita 4,500 za hewa kwa dakika, kwa sababu kila silinda huvuta mara moja katika kila mizunguko miwili. Hewa hiyo ikipita kwenye bomba la kipenyo cha milimita 60, inakwenda kwa kasi ya karibu kilomita 95 kwa saa. Nishati ya kasi hiyo, hata ukiipoteza yote, ina thamani ya sentimita 4 za maji. Kwa hiyo anayepanua bomba kutoka milimita 60 hadi inchi tatu anagombania sehemu ya sentimita 4. Sehemu yake tu.

Mkazi wa Nairobi ana haki ya kulalamika kuhusu pumzi kuliko mtu wa Dar es Salaam au Mombasa, lakini alalamikie mlima. Jiji lile liko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na pale mgandamizo wa hewa umeshapungua kwa kama asilimia 18. Hicho ndicho kibano cha kweli, na PVC haina la kukifanya. Turbo ina la kufanya, ndiyo maana gari la turbo halichoki sana huko juu, na bila shaka ni sababu mojawapo ya mapenzi ya Wanairobi kwa Subaru. Kwa mwenye Vitz isiyo na turbo, safari ya kushuka Mombasa itampa hewa ambayo hakuna bomba la gereji litakaloweza kumpa.

Wapenzi wa mashindano wananiambia magari ya mbio hayana maboksi haya. Twende nao huko huko kwenye mbio. Kuanzia mwaka 2017, kanuni za ubingwa wa dunia wa rali, ambao ulirudi Kenya kwa Safari Rally mwaka 2021, zililazimisha hewa yote ya injini ya lita 1.6 yenye turbo ipite kwenye tundu la milimita 36. Kwa tundu hilo, ambalo ni jembamba kuliko bomba la hewa la gari lako la sokoni, magari yale yalitoa karibu farasi 380. Turbo ndiyo iliyokuwa ikinyonya kwa nguvu, nakubali, na bila kizuizi kile yangetoa zaidi, ndiyo maana kikawekwa. Lakini aliyeyaona yakipita Naivasha asije kuniambia kwamba farasi wake 109 wanakosa hewa kwenye milimita 60.

Hasara inayofuata haionekani kwa macho, ndiyo maana inapuuzwa. Kwenye mfuniko wa boksi, au kwenye bomba linalotoka hapo, magari mengi yana sensa ndogo ya hewa iliyofungwa kwa skrubu mbili. Ndani yake mna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita huupoza. Kompyuta husoma umeme unaohitajika kuurudishia joto, ikajua ni gramu ngapi za hewa zimeingia, kisha ikatoa petroli kwa uwiano wa karibu gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Lakini sensa hii haipimi hewa yote. Inaonja kiasi kidogo kinachopita mbele yake, na kompyuta inakisia kingine kwa kuwa wahandisi waliiambia njia ya pale ina upana gani.

Wewe ukaja na msumeno, ukaihamishia sensa kwenye PVC. Njia iliyokuwa na kipenyo cha milimita 70 ikiwa 76, eneo lake limeongezeka kwa karibu asilimia 18. Hewa ileile sasa inapita taratibu zaidi mbele ya waya, sensa inaonja kidogo, kompyuta inatoa petroli pungufu. Ukiweka na elbo karibu yake, hewa inafika ikizungukazunguka na kipimo kinayumba. Ukiwa na chujio la pamba lililoloweshwa mafuta kupita kiasi, yale mafuta yanasafiri mpaka kwenye waya na kuufunika. Hapo kipimo kimepotoka mara tatu kwa sababu tatu, na mwenye gari anafurahia sauti.

Kwa mwendo wa kawaida, sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi hugundua kosa na kompyuta hufidia, mpaka uwezo wake wa kufidia unapokwisha na taa ya cheki injini inawaka. Mashine ya kusomea huandika P0171, yaani petroli haitoshi kwa hewa iliyoingia. Yupo fundi atakayeangalia hilo na kukuuzia sensa mpya ya oksijeni, wakati hiyo ndiyo sensa pekee iliyokuwa ikisema kweli. Ukikanyaga mpaka chini, magari mengi huacha kuisikiliza sensa hiyo kwa muda na kuitegemea sensa ya hewa. Kwa Vitz, matokeo yake ni gari zito lisilojulikana linaumwa nini. Kwa Subaru ya turbo ni hatari: petroli pungufu chini ya mzigo huleta joto na kugonga, na kugonga ndiko kunakovunja kingo za pistoni zilizo kati ya ringi na ringi. Wenye Subaru wanajua gharama ya kuifungua injini ile. Na kwa kuwa tuko kwenye Subaru, lile tundu la juu ya boneti halipeleki hewa kwenye mdomo wa injini. Linapoza intakula. Nimechoka kusikia likitajwa kama ushahidi.

Kuhusu kubana mafuta sitapoteza wino. Injini ya petroli huendeshwa kwa kubanwa hewa. Unapokanyaga pedali hukanyagi petroli. Unafungua kibati cha throto kinachoruhusu hewa. Ukitembea kwa kilomita 80 kwa saa, kibati kile kimefunguka kidogo tu na kinazuia hewa kuliko ea klina yoyote. Ukipanua njia iliyo kabla yake, mguu utarudi kidogo, na mafuta yatakayoliwa ni yaleyale. Mwaka 2009 Maabara ya Taifa ya Oak Ridge nchini Marekani iliziba ea klina za magari kwa makusudi na kupima ulaji. Magari ya petroli yenye kompyuta hayakubadilika kwa kiasi cha maana. Yalichopoteza ni wepesi wa kuongeza mwendo. Gari la zamani la kabureta ndilo lililoongeza ulaji kwa asilimia chache. Sasa ikiwa ea klina iliyozibwa haikuongeza ulaji, iliyofunguliwa itaupunguzaje? Wapo hata madereva wa Marekani wanaoshindana kubana mafuta ambao hutengeneza mabomba ya kuvuta hewa ya moto kwa makusudi, kwa kuwa hewa nyepesi humlazimu dereva kufungua throto zaidi, na injini inapunguza kazi ya kunyonya dhidi ya kizuizi. Hao nao wanajitengenezea nyumbani. Wanafanya kinyume chetu, na angalau fizikia iko upande wao.

Kwa nini basi kila aliyefunga koni anaapa kwamba gari limebadilika? Kwa sababu limebadilika sauti. Boksi la kiwandani na vile vichupa vya plastiki vilivyoning'inia kwenye bomba lake kazi yake mojawapo ni kumeza mngurumo wa hewa. Ukiviondoa, unausikia mguu wako. Sikio linaiambia akili kwamba kuna nguvu, na mguu, kwa furaha, unakanyaga zaidi. Ongeza kwamba fundi mara nyingi huchomoa betri kabla ya kuanza, kompyuta ikapoteza iliyoyazoea, na siku mbili za kwanza gari linajisikia tofauti hata usingegusa kitu kingine. Hisia hiyo ni ya kweli. Farasi ndio hawapo.

Haya yote ningeyavumilia kama isingekuwa vumbi. Vumbi la barabara zetu lina silika, na silika ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Punje zinazoumiza zaidi si zile unazozihisi kwenye meno; ni zile za mikroni 5 hadi 20, ndogo kuliko unene wa unywele, zinazotosha kupenya kati ya ringi na ukuta wa silinda zikasaga pande zote mbili. Ea klina ya karatasi ya kiwandani imekunjwa mikunjo mingi ili iwe na eneo kubwa ndani ya boksi dogo, na ukingo wake wa mpira unabanwa na mfuniko pande zote. Iangalie koni ya bei rahisi. Inyanyue juani: kama unaona mwanga kupitia matundu yake, vumbi nalo limeuona. Kisha toa bomba, pitisha kitambaa cheupe ndani, upande wa baada ya chujio. Kikitoka na rangi ya udongo wa Kondoa, hiyo ndiyo rangi ya oili yako baada ya wiki chache.

Wenye mitambo ya migodini hawabahatishi hapa. Hupeleka sampuli ya oili maabara, na silikoni ikipanda, kitu cha kwanza kutafutwa ni ufa kwenye njia ya hewa. Sisi hatuna maabara. Tuna moshi wa bluu. Ukianza kuonekana nyuma ya gari, mwenye nalo hulaumu injini za siku hizi kwamba ni laini, analaumu oili ya dukani, analaumu aliyemuuzia. Koni haitajwi kabisa, kwa kuwa ilipofungwa gari lilikuwa zuri.

Hapa ndipo wanaponishutumu kwamba nadharau ubunifu wa mafundi wetu, kwamba kwangu kila kizuri ni cha kiwandani. Basi twende Arusha. Katika gereji zinazotengeneza Land Cruiser za watalii, mafundi hukata, huchomea na huunda mambo mengi juu ya fremu, na njia ya hewa ni mojawapo. Utaliona bomba la snokeli limepanda pembeni mwa kioo cha mbele hadi usawa wa paa, na juu yake mara nyingine kikombe kinachozungusha hewa ili punje kubwa zidondoke kabla ya kuingia. Hayo ni matengenezo ya kweli ya njia ya hewa, yamefanywa na watu wanaoishi kwa injini ndani ya vumbi la Serengeti. Na wamefanya nini na boksi la kiwandani? Wameliacha. Wamehamisha mdomo kwenda mahali penye hewa safi zaidi, na kila kitu kuanzia ea klina kuelekea injini hakijaguswa. Magari ya rali nayo, kwenye vumbi laini la feshi-feshi kule Kedong katika Safari Rally, yamekuwa yakifungwa snokeli. Wanaoijua kazi wanagusa upande wa kabla ya chujio. Sisi wa mjini tunagusa upande wa baada.

Maji ni sura fupi. Baadhi ya waliosoma kidogo hukubali kwamba koni ya katikati ya injini inavuta joto, kwa hiyo hulishusha bomba hadi nyuma ya bampa, chini, penye ubaridi. Kweli pana ubaridi. Pia ndipo maji ya Jangwani yanapofika kwanza Msimbazi ukifurika. Injini ya 1NZ-FE inabana kwa uwiano wa 10.5 kwa 1, maana yake nafasi inayobaki juu ya pistoni ikiwa kileleni ni kama mililita 39. Vijiko vitatu vya chakula vya maji vinaijaza, na maji hayabanwi. Kinachopinda ni fimbo ya pistoni. Bima nyingine huuliza gari lilifanyiwa marekebisho gani kabla ya kujibu lolote.

Zimebaki hoja mbili ninazokutana nazo sana. Ya kwanza ni kwamba Wajapani walibana injini kwa makusudi. Kampuni za magari hushindana kwa namba za nguvu na za ulaji wa mafuta zinazochapishwa kwenye karatasi ya mauzo. Kama kupanua mdomo wa plastiki kungewapa farasi kumi wa bure, wangeshauchukua zamani. Walichobana ni kelele, kwa sheria na kwa starehe ya mteja, na hilo wanalikiri. Ya pili ni kwamba magari haya yalitengenezwa kwa nchi ya baridi. Agosti mjini Tokyo joto hupita nyuzi 35, na magari ya Toyota yanauzwa mapya kuanzia Skandinavia hadi Muscat. Na hata kama mazingira yetu yangekuwa ya kipekee, upekee wake ni vumbi na joto. Yote mawili yanadai chujio bora na mdomo wa mbali na injini. Hoja yao inanisaidia mimi.

Sisemi hakuna anayenufaika. Mwenye turbo aliyebadilisha turbo yenyewe, aliyeongeza nozeli za petroli na kuandikiwa upya ramani ya kompyuta kwenye mashine ya rola, huenda kweli akafika mahali boksi la kiwandani halimtoshi. Mtu huyo ana karatasi za vipimo vya kabla na baada, na koni yake ameifungia ndani ya boksi la bati lenye mdomo unaotoka nje. Wewe mwenye IST huna karatasi hiyo.

Ikiwa ni lazima utumie mikono yako, na ninaielewa hamu hiyo, ifanye kazi kabla ya ea klina. Pima kwanza kwa ubao wa maji. Angalia mdomo wa boksi kama haujavunjika au kuchomoka, maana magari ya mtumba mengi yaligongwa mbele na mdomo ule haukurudishwa. Wenye magari hayo ndio wanaovuta joto bila kujua, na kwao kipande cha mpira wa hewa kutoka juu ya rejeta hadi kwenye boksi ni ukarabati halali. Usitumie PVC ya kawaida karibu na ekzosi, kwa kuwa huanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi. Mdomo usishuke chini ya taa. Toboa tundu dogo la kutolea maji mahali bomba linapopinda chini. Badilisha ea klina ya karatasi, hakikisha klipu zote za mfuniko zimefunga, kisha pima tena. Namba ya pili ikiwa sawa na ya kwanza, umejifunza kitu na hujaharibu chochote.

Na kama umeshakata, boksi halijapotea. Kwa wauza spea za mtumba Ilala au Kirinyaga Road yanapatikana, yametolewa kwenye magari yaliyochinjwa, mengine na sensa yake na mdomo wake mzima. Chukua namba ya injini yako, nenda kanunue, ulifunge kabla ya kiangazi kuanza.